Kufungua Fundo la Ulimi: Maandalizi ya Mtihani wa Kiingereza kwa Vijana wa Delta na Kibiti

(Mada iliyotolewa kwa wazazi, walimu wa madrasa na wanafunzi wa sekondari. Tunaichapisha ili isomwe pia katika misikiti ambayo waumini wake hawakuweza kuhudhuria.)

Tunaanza kwa jina la Allah (S.W.), na sifa zote njema zinamstahikia Yeye peke yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, sahaba zake na wote waufuatao uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.



Katika mihadhara yetu tumezoea kuzungumza habari za swala, zaka, ndoa na mirathi. Leo tunazungumza juu ya karatasi moja ambayo huwekwa mbele ya vijana wetu wa kidato cha nne kila ifikapo mwezi wa Novemba, nayo ni karatasi ya somo la Kiingereza. Huenda wapo watakaouliza: jambo hili linahusiana nini na msikiti? Jibu letu ni kwamba kijana anayekaa mbele ya karatasi hiyo ni huyu huyu anayeswali safu ya nyuma yetu. Akifaulu, umma umepata daktari, mwalimu au mwanasheria. Akianguka kwa sababu hakuna aliyemwandaa, sisi sote tutaulizwa juu ya amana hiyo.

1. KILA MTIHANI NI MTIHANI WA KIINGEREZA

Mtoto wetu husoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili kwa miaka yote. Akiingia kidato cha kwanza, mambo hugeuka ghafla. Jiografia, Baiolojia, Historia, Fizikia na Hisabati, yote humjia kwa lugha ambayo aliijua kama somo moja tu kati ya mengi. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote za elimu. Hata hivyo, karatasi za Baraza la Mitihani kwa masomo mengi ya sekondari zimeendelea kutungwa kwa Kiingereza. Mjadala wa lugha gani inafaa ni mjadala wa haki, na Waislamu washiriki katika kuutolea maoni. Lakini kijana aliye kidato cha tatu hivi sasa hawezi kungoja mjadala uishe.

Tutafakari hali ya mtoto wa Salale, Mbuchi au Kiongoroni. Anajua bamvua na maji mafu kuliko mwandishi wa kitabu cha Jiografia, kwa kuwa safari yake ya mtumbwi hutegemea maji kujaa na kupwa. Anajua kuutofautisha mkoko na mkandaa, mchu na mkomafi. Ameona kwa macho yake mizizi ya mchu ikichomoza juu ya tope ili mti upate hewa. Amekulia katika msitu wa mikoko wenye ukubwa wa hekta zipatazo 53,000, ambao unahesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Kisha anaulizwa katika mtihani mambo haya haya, naye anaacha nafasi tupu. Elimu anayo kichwani, ila ulimi umefungwa. Msahihishaji hana njia ya kuyaona yaliyomo kifuani. Yeye husahihisha yaliyoandikwa.

Ndiyo maana tunasema kila mtihani wa sekondari, isipokuwa Kiswahili na masomo machache mengine, ni mtihani wa Kiingereza. Mwenye kuanguka katika lugha huanguka mara nyingi. Sote tunakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013. Katika watahiniwa wapatao 397,000, zaidi ya 240,000 walipewa daraja sifuri, na nchi nzima ikashtuka hata matokeo yale yakapangwa upya. Sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi: uchache wa walimu, ukosefu wa vitabu na maabara, na msongamano katika shule za kata zilizojengwa kwa haraka. Lugha nayo ilikuwamo.

2. JE, DINI INASEMAJE JUU YA LUGHA ZA WATU WENGINE?

Wapo wazee wetu wanaoogopa kwamba Kiingereza ni mlango wa ukafiri. Hofu hiyo haikuzuka bure. Wakati wa ukoloni, shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu aliyempeleka mtoto huko alichelea kumpoteza. Hatuwabezi wazee wetu kwa tahadhari yao, kwani waliilinda dini kwa njia waliyoiona. Lakini hukumu hufuata sababu yake. Lugha yenyewe haina dini.

Qur'ani Tukufu, katika Surat Ar-Ruum aya ya 22, inatufundisha kwamba kutofautiana kwa lugha na rangi zetu ni miongoni mwa ishara za Allah kwa wenye ujuzi. Tena, katika Surat Ibrahim aya ya 4, tunafahamishwa kuwa kila Mtume alipelekwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Imepokewa pia kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na ziandikwe na mtu mwaminifu. Zaid akayamudu kwa muda wa takriban nusu mwezi. Huyu ndiye Zaid ambaye baadaye alikabidhiwa kazi tukufu ya kuikusanya Qur'ani. Lugha ya kigeni haikumwondoa katika dini. Ilimwongezea manufaa katika kuitumikia.

Na tumtazame Nabii Musa (A.S.). Alipoamriwa aende kwa Firauni, alimwomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungulie fundo la ulimi wake ili wapate kufahamu asemayo. Akaomba pia apewe ndugu yake Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa fasaha zaidi. Habari hii imo katika Surat Taha na Surat Al-Qasas. Humo tunapata mafunzo mawili. La kwanza, ufasaha wa ulimi ni jambo la kuombwa kwa Allah. La pili, mwenye upungufu hutafuta msaidizi, wala haoni haya. Kijana asiyejua Kiingereza ana haki ya kusema: nipatieni Harun wangu.

3. HISTORIA YA PWANI YETU

Mwaka 1923 Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA, alichapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili pamoja na maelezo yake yenye mtazamo wa kimisheni. Padri aliyetoka Uingereza alijifunza lugha yetu mpaka akashika kalamu katika Kitabu chetu. Hapo ndipo wanazuoni wa pwani walipoona kwamba mwenye kuijua lugha ya mwenzake humtangulia katika hoja.

Miongoni mwa walioamka ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alianzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawahimiza Waislamu waitengeneze dini yao na waikamate elimu ya zama zao kwa wakati mmoja. Magazeti kama haya tunayoyasoma msikitini ni wajukuu wa kazi yake.

Mwanawe, Ali Mazrui (1933–2014), ni mfano mwingine kwa vijana. Katika mtihani wa Cambridge wa kumaliza sekondari hakupata zaidi ya daraja la tatu, na Makerere hakupokelewa. Akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha ufundi cha Waislamu pale Mombasa. Lakini hakuiacha kalamu wala hakuacha kusoma. Hotuba aliyoitoa hadharani kuhusu Mtume (S.A.W.), Gavana akiwapo, ikamfungulia njia ya kupata nafasi ya masomo Uingereza. Akasoma Manchester, kisha Columbia, kisha Oxford, na akawa profesa aliyesikilizwa duniani kote. Wenye daraja la tatu, na hata walioanguka, wapate faraja hapa: mtihani mmoja haufungi riziki ambayo Allah ameiandika. Lakini wazingatie kwamba faraja hiyo ilimjia mtu aliyekuwa anaendelea kujifunza.

4. HALI HALISI YA DELTA NA KIBITI

Hatuwezi kuzungumza juu ya maandalizi kana kwamba vijana wetu wanaishi Upanga au Oysterbay. Delta ina visiwa na vijito, na kutoka kijiji kimoja hadi kingine ni kwa mtumbwi au boti. Mwanafunzi anayeishi mbali na shule hupangishiwa chumba, anajipikia mwenyewe, na hana mtu mzima wa kumwamsha wala kumuuliza umesoma nini. Msimu wa mpunga, familia huhamia mashambani na kukaa katika madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe na ndege, na mtoto huondoka shuleni kwa wiki kadhaa. Mafuriko nayo huja. Yale ya Aprili 2024 yalifunika mashamba na makazi Rufiji na Kibiti, na madaftari yaliondoka na maji kama vyombo vingine vya nyumbani.

Liko jambo zito zaidi, nalo hatutalificha. Imekuwa ikisemwa kwa miaka mingi, katika mkoa wetu wa Pwani na kule Lindi na Mtwara, kwamba wapo wazazi wanaowaagiza watoto wao waandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba, ili wasichaguliwe kwenda sekondari. Mwingine anakimbia gharama za sare, chakula na chumba, ingawa ada ya sekondari za Serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu Januari 2016. Mwingine anataka mkono wa kazi, katika mtumbwi au katika mikorosho. Mwingine amekwisha kumwahidi mtu binti yake.

Ndugu wazazi, tuliseme jambo hili kwa jina lake. Kumwagiza mtoto aandike uongo ni kumfundisha kusaliti amana aliyopewa na Mola wake, nayo ni akili. Mtoto huyo huyo tunayemkataza uongo madrasani tunamwamrisha uongo katika karatasi ya mtihani. Kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Mwislamu, na wanazuoni wameeleza kuwa mwanamke yumo katika amri hiyo sawa na mwanamume. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2016 sheria ya nchi inamhukumu kifungo cha miaka 30 mwenye kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Mzazi mwenye shida ya chakula cha mtoto aje msikitini aseme. Zaka na sadaka zimewekwa kwa ajili ya shida kama hiyo. Ni bora kamati ya msikiti imnunulie mtoto kilo za mchele kuliko kupamba mimbari ambayo hana wa kuipanda.

5. NAMNA YA KUJIANDAA

Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne huchukua saa 3. Mwanafunzi hupimwa kusoma habari na kuifahamu, kufupisha, sarufi na msamiati, kuandika barua na insha, na kujibu maswali juu ya vitabu vya fasihi. Haya hayasomwi kwa wiki tatu za mwisho. Tunapendekeza yafuatayo:

(a) Njia ya madrasa itumike. Mwalimu wa Qur'ani hamvushi mtoto sura mpya kabla ya kumsikiliza ile ya kwanza. Humsikiliza mmoja mmoja, humrekebisha matamshi papo hapo, na humrudisha nyuma kila siku ili aliyoyahifadhi yasipotee. Njia hii ndiyo inayofaa lugha. Maneno matano kwa siku, yaliyoandikwa daftarini, yakatamkwa kwa sauti mbele ya mwenzake na kutiwa katika sentensi, ni zaidi ya maneno elfu moja na mia nane kwa mwaka. Lakini tujihadhari na kuhifadhi bila ya kufahamu, maana mtihani haumwulizi mtahiniwa amehifadhi nini bali hutaka atumie alichojifunza.

(b) Mwanafunzi ayajue makosa yanayotokana na lugha yake. Kiswahili kina neno moja, "yeye", kwa mwanamume na mwanamke. Kiingereza kina mawili. Ndiyo maana kijana huandika juu ya mama yake kwa kutumia "he". Kiswahili huongeza "-ni" na kumaliza kazi: nyumbani, mezani, mjini. Kiingereza kinataka achague kati ya "in", "on", "at" na "to". Sisi husikia harufu na husikia maumivu. Mwingereza hasikii isipokuwa sauti. Mwenye kuyaandika makosa yake katika ukurasa mmoja na kuupitia kila Ijumaa ataona tofauti kabla ya muhula kuisha.

(c) Ayafahamu maneno ya amri yaliyomo katika maswali ya masomo yote. "State" ni kutaja, "explain" ni kueleza sababu, "compare" ni kulinganisha. Wengi hupoteza alama katika Baiolojia na Historia kwa kutaja pale walipotakiwa kueleza.

(d) Katika ufahamu, asome maswali kwanza, kisha habari, kisha maswali tena. Na jibu litoke ndani ya habari. Katika barua rasmi, azoee anwani mbili, tarehe, salamu, kichwa cha habari na hitimisho. Hizi ni alama za utaratibu, na kila mwenye mazoezi huzipata.

(e) Vitabu vya fasihi visomwe vyenyewe, si muhtasari wake tu. Katika tamthiliya ya The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ambayo imesomwa katika sekondari zetu kwa miaka mingi, yumo kijana wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu, akakimbilia mjini, na wazee wakamtaka arudi kuwatumikia. Kijana wa Maparoni anayejua maisha ya kwao atakuwa na mengi ya kusema juu ya kisa hicho, maana kinamhusu.

(f) Maswali ya mitihani iliyopita yafanywe kwa saa ya ukutani, bila ya daftari pembeni, angalau mara moja kwa mwezi kuanzia kidato cha tatu, na yasahihishwe na mtu mwingine.

Na msikiti ufanye nini? Kila msikiti una muda kati ya Magharibi na Isha. Siku tatu za wiki muda huo utolewe kwa wanafunzi, katika ukumbi wa madrasa, wavulana na wasichana kwa utaratibu wa kisheria. Ziwepo taa ya sola, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na meza. Walimu wa shule walio waumini wa msikiti huo, na vijana waliomaliza kidato cha sita wakisubiri chuo, wawe ndio akina Harun. Gharama yake haifiki gharama ya walima mmoja. Na wanaokaa katika vyumba vya kupanga Kibiti na Bungu wapewe mzee mmoja wa msikiti wa karibu, awatembelee, ajue wamekula na wamesoma.

6. UAMINIFU NDANI YA CHUMBA CHA MTIHANI

Tunamalizia kwa jambo ambalo bila yake yote yaliyotangulia yanakosa baraka. Kuiba mtihani ni dhambi. Mtume (S.A.W.) alijitenga na mwenye kughushi, na wala hakubagua kati ya ghushi ya sokoni na ghushi ya darasani. Kijana anayeingia na karatasi ndani ya soksi, mwalimu anayemnong'oneza, na mzazi anayechangia fedha ya kununua maswali, wote wanachukua nafasi ya mtoto wa mtu mwingine aliyekesha akisoma. Cheti kilichopatikana hivyo kitamlisha mwenyewe chakula chenye shaka maisha yake yote. Alama ya D iliyo halali ina heri kuliko A ya wizi.

Aidha, kijana asitegemee dua pekee akaacha daftari. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Allah. Kisomo cha usiku wa kuamkia mtihani hakitamfundisha sarufi ambayo hakuisoma tangu Januari. Tufunge ngamia, kisha tuinue mikono.

Ndugu zetu, mwaka huu kila kamati ya msikiti iandike majina ya vijana wake walio kidato cha pili na cha nne. Imamu ayajue kwa kichwa, kama anavyowajua waliofiwa na wagonjwa, na baada ya swala ya Ijumaa aulize: fulani amefikia wapi? Kijana akijua kuwa anaulizwa, atasoma.

Tunamwomba Allah (S.W.) awakunjulie vijana wetu vifua vyao, awafungulie mafundo ya ndimi zao, awajaalie elimu yenye manufaa na riziki ya halali, na awafanye wenye kurudi kuwatumikia watu wao wa Delta, Kibiti na Rufiji yote. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.